Gari gani livute boti yangu ya matanga? Tazama matairi na umbali wa maji kabla ya injini

"Nina boti ya matanga ya mita 6.4, mkuku wake (uti wa chini unaozama majini) unapandishwa kwa winchi. Kijitabu cha kiwandani kinasema ina kilo 950. Trela ni ya ekseli moja na ina breki zake. Gari langu ni dogo, linavuta kwa magurudumu ya mbele, gia za mkono, na limeruhusiwa kuvuta trela yenye breki hadi kilo 1,300. Mara mbili limekwama kwenye rampu wakati wa kupandisha boti: matairi yanazunguka bure, klachi inanuka. Rafiki mmoja ananishauri ninunue pikapu ya injini ya lita 3. Mwingine anasema gari la 4x4 ni kupoteza pesa kwa kazi ya dakika kumi. Nichague nini, na nitajuaje kabla ya kununua kwamba gari litaiweza kazi?"

Ndugu msomaji,

Klachi kunuka na matairi kuzunguka bure ni dalili mbili, na kila moja ina chanzo chake. Harufu ya klachi inakuambia kwamba mzigo ni mzito mno kwa gia ya kwanza ya gari lako linapoanza kuondoka mlimani. Matairi yakizunguka bure, maana yake nguvu ipo ila ardhi haishikiki. Injini ya lita 3 ingepunguza tatizo la kwanza, na la pili isingeligusa. Kwa hiyo ukubwa wa injini tuuweke kando kidogo. Tuanze na uzito, twende kwenye matairi, kisha umbali kati ya gari na maji. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, na mara nyingi kulirekebisha ni rahisi kuliko kubadilisha gari.

Zile kilo 950 ni za boti tupu kama ilivyotoka kiwandani. Ongeza injini ya nje ya nguvu za farasi 6, kama kilo 27. Tangi la petroli la lita 12 likijaa ni kilo 12 hivi. Nanga na mnyororo na kamba yake, 20. Betri, 20. Matanga, 25. Halafu kuna magodoro, makoti ya kuokolea, vifaa, sufuria na maji ya kunywa, ambavyo bila kujitahidi vinafika kilo 100. Boti imeshakuwa kama 1,150. Trela ya ekseli moja ya ukubwa huo huwa na kilo 350 hadi 450, tuchukue 380. Jumla ni kilo 1,530. Kikomo cha gari lako ni 1,300, na kikomo hicho huhesabu boti, vilivyomo ndani yake na trela yenyewe. Umekuwa ukivuta kilo 230 zaidi ya ruhusa. Ajali ikitokea katika hali hiyo, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Kwa hiyo swali la kubaki na gari hili kwa safari za barabarani limeshajibiwa kabla hatujafika ufukweni.

Hesabu yangu ni ya makadirio. Usinunue gari kwa kuitegemea. Ipitishe trela kwenye mizani ya malori ikiwa imepakiwa kama unavyosafiri nayo, tangi limejaa, mlingoti umelazwa mahali pake, kisha uandike namba. Ukishaipata, igawanye kwa 0.8. Kwa mfano wetu, 1,530 inatoa karibu 1,910, kwa hiyo tafuta gari lenye kikomo cha kilo 2,000 au zaidi. Ile nafasi ya moja ya tano ni kwa ajili ya vitu vinavyoongezeka kila msimu, joto, milima mirefu, na maji yaliyobaki ndani ya boti ambayo hakuna aliyeyapima.

Kikomo usikichukue kwenye tangazo la muuzaji, kwa sababu gari la jina lilelile huweza kutofautiana kwa kilo mia kadhaa kutegemea injini, gia na hata mwaka. Tazama kibati cha gari chenyewe. Kwenye magari yaliyoidhinishwa kwa kanuni za Ulaya, kwa kawaida kibati kina mistari minne ya kilo: uzito wa juu wa gari likiwa limejaa, uzito wa juu wa gari pamoja na trela, kisha ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma. Ukitoa mstari wa kwanza kwenye wa pili, unapata uzito wa trela unaoruhusiwa gari likiwa limejaa. Mfano: 3,450 kutoa 1,950 ni 1,500. Ukikuta mstari wa pili hauna kitu, chukulia kwamba gari hilo halikuidhinishwa kuvuta, hata kama nyuma yake pamefungwa chuma cha kuvutia kinachong'aa. Na kwa gari lolote, soma kitabu cha mwenye gari ukurasa wa trela. Humo utaona kikomo cha trela yenye breki na isiyo na breki, na uzito unaoruhusiwa kukandamiza tufe la kuvutia, yaani kile kichwa cha duara nyuma ya gari ambapo trela hufungwa.

Kikomo hicho kinathibitisha nini hasa? Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, gari pamoja na trela yake kamili lazima liweze kuondoka kutoka kusimama mara tano ndani ya dakika tano kwenye mwinuko wa asilimia 12. Kipimo cha uwezo wa kuvuta trela kiitwacho J2807, kinachofuatwa na watengenezaji wengi Marekani nacho kina zoezi la mwinuko huohuo. Rampu nyingi za boti hujengwa kwa mteremko wa asilimia 12 hadi 15. Kwa hiyo rampu iko kwenye ukingo wa kipimo au imekipita. Tena kipimo hufanywa mahali ambapo matairi yanashika vizuri, wala hakuna mwani.

Sasa tuje kwenye matairi, kwa hesabu ya gari lako. Tuseme lina kilo 1,350. Likiwa na trela ya 1,530, mnapanda jumla ya kilo 2,880. Kwenye mteremko wa asilimia 15, kuushikilia uzito huo usirudi nyuma kunahitaji nguvu sawa na kuning'iniza kilo 430, mbali na msuguano wa beringi na matairi. Nguvu yote hiyo inapita kwenye viraka viwili tu ambapo matairi ya mbele yanagusa zege.

Gari la aina yako likiwa tambarare huweka kama asilimia 60 ya uzito wake mbele, yaani kilo 810. Likianza kupanda, sehemu ya uzito huhamia nyuma. Trela nayo inakandamiza tufe lililo nyuma ya ekseli, pua ya gari inanyanyuka kama ubao wa bembea. Mvuto wa trela unazidi kuinyanyua. Ukijumlisha yote, magurudumu ya mbele yanapoteza kilo 100 hivi na kubaki na 700. Zege kavu linaweza kuyapa matairi mshiko wa kama 0.7 ya uzito huo, yaani 490, na gari litapanda. Zege lililolowa ni kama 0.5, ambayo ni 350, na hapo limeshashindwa. Penye mwani mshiko hushuka hadi 0.2 au chini yake. Hiyo ni kilo 140, na matairi yatazunguka hata dereva awe nani.

Ndiyo maana gari lako limekukwamia mara mbili tu na halikukwama kila safari. Pengine unashua boti (unaishusha majini) maji yakiwa yamejaa, juu ya zege safi, halafu unarudi maji yameshapwa. Sehemu iliyokuwa chini ya maji asubuhi sasa iko wazi, kijani na telezi, na gari lako lote limesimama juu yake. Ziwani au bwawani hutokea hivyohivyo kiwango cha maji kinaposhuka. Ukiweza kupanga siku, pandisha boti wakati maji yanakaribia kujaa. Hilo peke yake limeokoa klachi nyingi.

Hapa kuna imani moja ninayotaka kuisahihisha, kwa sababu ndiyo iliyo nyuma ya ushauri wa pikapu. Husemwa kwamba gari la magurudumu ya nyuma ndilo bora kwenye rampu, kwa kuwa uzito huhamia nyuma. Kweli uzito huhamia nyuma. Lakini magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyo ukingoni mwa maji, penye mwani mwingi kuliko pote, na ya mbele yako mita tatu juu, pengine penye zege kavu. Pikapu isiyo na 4x4, tena yenye bodi tupu, inaweza kukwama pale ambapo gari dogo la magurudumu ya mbele linapanda. Ukinunua pikapu, hakikisha ni 4x4. Kama si 4x4, injini ya lita 3 itakupa matairi yanayozunguka kwa kasi zaidi na moshi mwingi wa mpira.

Linganisha na gari la magurudumu yote manne lenye kilo 1,750. Pamoja na trela, linahitaji kama kilo 485 kupanda rampu ileile. Tuseme magurudumu ya nyuma yako kwenye mwani na ya mbele kwenye zege lililolowa ila safi: ya nyuma yanatoa 200, ya mbele 415, jumla zaidi ya 600. Linapanda, na akiba inabaki. Rafiki yako wa pili ana haki kwamba kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Ila katika dakika hizo gari na boti viko kwenye mteremko unaoishia majini, na hakuna mahali pengine pa safari nzima ambapo mshiko una thamani zaidi.

Tuje kwenye umbali. Boti yako ikiwa imepandisha mkuku pengine inahitaji sentimita 35 za maji. Vitanda vya trela inapokaa boti viko kama sentimita 55 juu ya ardhi. Ili boti ielee na kuondoka bila kukwaruzwa, unataka karibu sentimita 90 za maji usawa wa ekseli ya trela. Kwenye mteremko wa asilimia 15, kina hicho unakipata mita 6 kutoka ukingo wa maji. Kwenye asilimia 12, mita 7.5. Kwenye asilimia 10, mita 9. Kama kutoka ekseli ya trela hadi magurudumu ya nyuma ya gari ni mita 6, basi kwenye rampu kali gari linaishia ukingoni. Kwenye ile ya kati linaingia majini mita moja na nusu. Kwenye ile ya upole, inayoonekana rafiki, magurudumu ya nyuma yanazama hadi sentimita 30. Rampu ya upole hailazimishi injini sana, lakini ndiyo inayolowesha gari.

Dawa yake ni kurefusha mkono wa trela. Trela nyingi za boti za matanga zina mkono wa ndani unaochomolewa na kufungwa kwa pini unapofika kwenye maji. Mita 2 za ziada zinabadilisha hesabu yote: kwenye asilimia 12 gari linabaki nje ya maji, na linapoanza kuvuta limeshapita sehemu mbaya ya mwani. Kumbuka pia kwamba boti inapoelea haikandamizi trela. Uzito wake huja kidogo kidogo inapotoka majini. Kadiri gari linavyokuwa juu wakati uzito huo unapowadia, ndivyo linavyokuta zege zuri. Kama trela yako haina mkono wa namna hiyo, fundi wa kuchomelea mwenye ujuzi wa trela anaweza kuutengeneza. Asitumie bomba alilolikuta karakana. Unene wa chuma na pini vinapaswa kukokotolewa kwa uzito wako. Na mkono huo ni wa kwenye rampu tu. Barabarani urudishwe ndani na pini ikaguliwe, kwa sababu ukiwa umechomolewa chuma hupinda na uzito unaokandamiza tufe hubadilika.

Njia nyingine ni kamba. Unaweka kabari nyuma ya magurudumu ya trela, unashusha gurudumu la mbele la trela, unaifungua kwenye gari, unaiunganisha kwa kamba ya poliesta ya milimita 18 au 20, unapeleka gari juu hadi kamba ikaze, unatoa kabari na kushusha taratibu. Kwa boti yenye mkuku usiopanda mara nyingi hakuna njia nyingine, kwani maji yanayohitajika ni ya kina mno. Gurudumu la mbele lazima liwe imara, la tairi la upepo. Yale madogo ya plastiki ngumu huvunjika katikati ya rampu. Kamba ya nailoni usiitumie hapa. Hunyumbuka kama mpira, na ikikatika ncha yake hurudi kwa nguvu ya kuua mtu. Mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa kamba wala chini ya trela.

Kuhusu gia, klachi ya kawaida huungua kwa sababu gari linatakiwa litembee polepole kuliko gia ya kwanza inavyoruhusu, nawe unaishikilia nusu ili isizime. Gari la 4x4 lenye gia ya chini, ile 4L, huzidisha nguvu ya magurudumu kama mara mbili na nusu, na gari hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea huku klachi umeiachia kabisa. Ukilazimika kuvuta kwa gia za mkono, 4L ndiyo kinga ya klachi. Ila kwenye pikapu nyingi ambazo 4x4 yake hufungwa kwa mkono, rudisha 2H (magurudumu mawili tu yanavuta) kabla ya kukata kona kwenye lami kavu. Mbele na nyuma vimefungwa pamoja, na kona kavu huvibana hadi vikavunjika. Otomatiki ya kawaida, inayopitisha nguvu kupitia mafuta, ndiyo tulivu kuliko zote kwenye rampu, haina klachi ya kuungua, mradi gari liwe na kipozeo cha mafuta ya gia. Otomatiki za klachi mbili nazitilia shaka kwa kazi hii. Zikitambaa taratibu na mzigo hupata joto haraka, na baadhi hukata nguvu zenyewe ili zisiharibike. Otomatiki za mkanda (CVT) mara nyingi huwa na kikomo kidogo cha kuvuta, kwa hiyo kibati kitakuamulia. Dizeli au petroli? Dizeli ni tulivu zaidi kwa safari ndefu za milimani. Kwenye rampu tofauti ni ndogo. Magari ya umeme huondoka vizuri sana na mzigo, lakini mengi hayakuidhinishwa kuvuta, na yaliyoidhinishwa hupoteza sehemu kubwa ya umbali yanaokwenda kwa chaji moja.

Kuna jambo ambalo naona halielezwi vya kutosha, nalo ndilo linalozamisha magari. Handibreki ya gari nyingi hushika magurudumu ya nyuma. Kwenye gari la magurudumu ya nyuma, P ya otomatiki (nafasi ya kuegesha) nayo hufunga hayohayo ya nyuma. Kwa hiyo ukiegesha kwenye rampu kwa P na handibreki, unadhani una kinga mbili, kumbe zote zinategemea matairi mawili yaliyo juu ya mwani, na ya mbele yako huru kabisa. Boti inapopanda kitandani kwa winchi, trela inazidi kuvuta, matairi ya nyuma yanateleza yakiwa yamefungwa vilevile, na gari linafuata boti majini. Gari la magurudumu ya mbele lina nafuu hapa, kwani P hufunga ya mbele na handibreki ya nyuma. Kwa pikapu ya 4x4, iache kwenye 4L au 4H (4x4 ya mwendo wa kawaida) ndipo uweke P, ili ekseli zote mbili zifungwe. Usiiache gia ya 4x4 kwenye N, maana hapo P haishiki chochote. Fuata mpangilio huu: kanyaga breki, vuta handibreki, achia breki ya mguu kidogo uone gari limetulia, ndipo uweke P. Kisha weka kabari, zikiwemo za magurudumu ya mbele yaliyo kwenye zege kavu. Vioo viwe wazi, na ndani ya gari asibaki mtoto.

Ukaguzi wa tufe na kikombe cha trela (kile kinacholifunika tufe) una mitego miwili. Kuna tufe za milimita 50, za inchi 2 (milimita 50.8) na za inchi 1 na 7/8. Ile ndogo huingia kwenye kikombe kikubwa bila taabu, ikaonekana imefungika, halafu ikachomoka kwenye tuta la kwanza. Namba hupigwa chapa juu ya tufe na juu ya kikombe; zisome. Mtego wa pili ni uzito unaokandamiza tufe. Ukiwa mdogo mno, trela hutikisa mkia kwa mwendo wa kasi. Ukizidi, pua ya gari hunyanyuka na breki za mbele hupoteza mshiko. Katika nchi zinazofuata desturi ya Ulaya watu hulenga asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela, kwako kilo 77 hadi 107. Marekani hulenga 10 hadi 15. Kikomo kinachotawala ni kile kidogo kuliko vyote kati ya cha gari, cha tufe na cha kikombe, na magari mengi ya kati huruhusu kilo 75 au 100 tu. Pima kwa mizani ya kujipimia nyumbani. Weka ubao wenye tofali upande mmoja na mizani upande mwingine, kikombe kikandamize ubao theluthi moja ya njia kutoka kwenye tofali, na namba ya mizani uizidishe kwa 3. Boti za matanga huharibu hesabu hii kwa urahisi, kwa kuwa injini ya nje iko tezi (nyuma ya boti), mbali kabisa na tufe. Ukiihamishia mbele ndani ya boti, namba hubadilika sana. Walio na boti yenye farumi ya maji (maji yanayobebwa ndani ili kuituliza boti) wawe waangalifu zaidi: maji hayo yasipomwagwa yote wakati boti inatoka, unavuta mamia ya kilo ambazo kibati hakikuzitarajia.

Maji ya chumvi nayo yana gharama yake. Beringi za trela zikifika rampu zina joto. Ukizizamisha papo hapo, hewa iliyo ndani husinyaa na kufyonza maji kupita sili. Zipe nusu saa zipoe, nawe utumie muda huo kuandaa mlingoti. Difu ya nyuma ya gari hufanya vivyo hivyo ikizamishwa, ndiyo sababu nyingine ya kutolowesha gari. Chomoa waya wa taa za trela kabla ya kuingia majini. Ukitoka, suuza breki za trela, magurudumu na chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Kwa hali yako ningefanya hivi. Kama unashua mara mbili au tatu kwa mwaka, usinunue gari. Iache boti kwenye yadi iliyo karibu na maji, umlipe mwenye trekta aishue na kuipandisha, au ukodi pikapu ya 4x4 kwa siku hizo. Gari lako dogo litakutosha kwa maisha mengine yote. Kama unasafiri nayo kila wiki kadhaa na rampu zako ni nzuri, gari la magurudumu yote lenye kikomo cha kilo 2,000, otomatiki ya kawaida, pamoja na mkono wa trela uliorefushwa kwa mita 2, litafanya kazi hii kwa raha na halitakuchosha mjini. Pikapu ya dizeli ya 4x4 yenye 4L naiweka mbele pale tu rampu zikiwa kali, chafu, za changarawe au mchanga, au kama unafikiria boti kubwa zaidi. Inakula mafuta zaidi, ni ndefu kugeuza kwenye maegesho ya rampu, na ikiwa tupu ni nyepesi nyuma.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu. Ingiza 4L na uitoe, gari likiwa limesimama, uone inaingia kweli. Kwenye magari ya mitumba mara nyingi imekwama kwa kutotumiwa. Mwombe fundi achungulie mafuta ya difu na ya gia: yakiwa meupe kama maziwa, gari liliwahi kuingia maji, na yakinuka kuungua, lilivuta kupita kiasi. Mwisho, funga trela yako yenyewe, tafuta mwinuko mkali wa barabara, simama katikati, uondoke mara tatu mfululizo. Hakikisha pia mlango wa nyuma wa gari unafunguka bila kugonga nguzo ya winchi, na mlingoti uliolazwa haugusi paa unapokata kona.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi na lazima mtu aone kwa macho. Chuma cha kuvutia kifungwe na fundi aliyeidhinishwa kwa gari la aina hiyo, hasa lenye breki za kielektroniki. Kama breki za trela hazishiki, mkono una kutu inayobanduka, au beringi zinalia, peleka trela kwa fundi kabla ya safari nyingine. Uliza mamlaka ya leseni kama daraja lako linaruhusu gari na trela kwa uzito mliofikia, kwani gari zito zaidi linaweza kukuvusha kikomo. Na ikiwa trela itaanza kutikisa mkia barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani moja kwa moja, usikanyage breki kwa nguvu, acha mwendo ushuke wenyewe. Ikitulia simama pembeni, sogeza mzigo mbele, endelea polepole hadi kwa mtu atakayeupima upya uzito wa tufe.